Siku ya joto kuliko zote Kampala: nani alipima, na alipimia wapi?

Katikati ya Februari, saa nane mchana, dereva wa lori aliyekuwa ametoka Mombasa kupitia Malaba aliweka simu yake juu ya meza ya kibanda cha chai pale Kisenyi, akatuonyesha. "Thelathini na nne! Leo Kampala imevunja rekodi." Hajati mwenye kibanda alikuwa anapepea jiko la mkaa. Akajibu bila kugeuka: "Mwanangu, wewe umeingia jana. Sisi hapa tumeshaona jua lililokausha migomba ikalala chini." Wakabishana, na mwishowe nikatakiwa mimi niamue, kwa kuwa pale kibandani wanajua napenda mambo ya hali ya hewa.

Sikuamua. Kila mmoja alikuwa na haki yake, ila hakuna aliyekuwa na ushahidi. Rekodi ya joto ya siku moja katika mji mmoja inasikika kama jambo jepesi, lakini ukilishika ili ulipime linafunguka kama kitunguu. Nimelifikiria tangu siku ile, na ninaandika haya kwa ajili yao wawili na kwa yeyote anayesikia redioni kwamba "leo imekuwa siku ya joto kuliko zote".

Tuanze na neno lenyewe. Wataalamu wakisema rekodi ya tarehe 14 Februari, wanachukua tarehe 14 Februari ya kila mwaka ambao kituo kimepima, wanazipanga, na ile iliyopanda juu kuliko wenzake ndiyo inayoshika rekodi. Hiyo ni rekodi ya tarehe. Iko pia rekodi ya mwezi mzima, na iko rekodi ya kituo tangu kilipoanza kazi. Siku inaweza kuvunja ile ya kwanza bila kuzikaribia hizo nyingine mbili. Dereva alisema "rekodi", Hajati akasikia "kuliko siku zote tangu nizaliwe". Nusu ya ubishi wao ilikuwa hapo.

Sasa, namba inatoka wapi? Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye kituo kidogo cha hali ya hewa ndani ya uwanja wa shule moja, upande wa barabara ya Masaka. Katikati ya nyasi fupi limesimama sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeupe, lina miguu mirefu, na kuta zake ni mbao nyembamba zilizolala mshazari kama za dirisha la zamani, ili upepo upite na jua lisipite. Vipimajoto vinakaa humo ndani, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima. Joto la hewa hupimwa kivulini, mbali na ukuta na mbali na lami. Ukiweka kipimajoto juani kitakuambia joto la kioo chake chenyewe, na ukiegemeza kwenye bati kitakuambia habari za bati.

Jambo moja la sanduku lile lilinifurahisha sana. Lilikuwa na milango miwili, mmoja upande wa kaskazini na mwingine upande wa kusini. Katika nchi zilizo mbali na ikweta mlango mmoja unatosha, unaelekezwa upande ambao jua halifiki. Kwetu jua huwa kusini nusu ya mwaka na kaskazini nusu nyingine, kwa hiyo msomaji wa vipimo anafungua mlango ulio kivulini kwa msimu huo. Ukipita Kayabwe, pale wasafiri wanaposimama kupiga picha kwenye mstari wa ikweta, kumbuka kwamba mstari huohuo umebadilisha hata umbo la sanduku la kupimia joto.

Mwalimu aliyekuwa akilitunza alifungua saa tatu kamili asubuhi. Ndani vililala vipimajoto viwili. Kimoja cha zebaki, chenye koo jembamba: joto likipanda zebaki inapita, likishuka hairudi, inabaki pale ilipofika mpaka mtu aikung'ute, kama kile kipimajoto cha zahanati. Cha pili ni cha spiriti, na ndani yake kuna kijiti kidogo cheusi kinachovutwa kuteremka wakati wa baridi na kuachwa pale pa chini kabisa. Mwalimu aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na namba, akasoma, akaandika kwa penseli, akakung'uta cha kwanza, akainamisha cha pili ili kijiti kirudi mahali pake. Haikuchukua dakika tatu.

Halafu akafanya jambo ambalo nilidhani amekosea. Joto la juu aliliandika kwenye mstari wa jana, na joto la chini kwenye mstari wa leo.

Hakukosea. Saa tatu asubuhi, joto la juu lililobaki kwenye kipimajoto ni la jana saa nane au saa tisa alasiri. La chini ni la alfajiri ya leo. Siku ya kituo cha hali ya hewa inaanza saa tatu na kuishia saa tatu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuelewa hili upesi kuliko watu wengine, maana tumezoea kuishi na siku za aina mbalimbali. Kwa wazee wetu Ijumaa inaingia Alhamisi jua likizama, ndiyo maana "usiku wa Ijumaa" kwa mtu wa pwani ni ule unaotangulia Ijumaa. Serikali inahesabu tangu saa sita ya usiku. Mtu wa hali ya hewa naye ana yake. Zote ni sahihi, mradi aliyeandika na anayesoma wanazungumzia siku moja.

Wasipoelewana, rekodi inahama. Msomaji mpya akiandika namba zote mbili kwenye mstari wa leo, joto la tarehe 14 linakuwa la tarehe 15, na rekodi ya tarehe 15 inavunjwa na siku ambayo pengine ilinyesha. Baya zaidi ni kusoma na kukung'uta saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali. Dakika moja baadaye zebaki inapanda tena karibu palepale, na mchana mmoja wa moto unahesabiwa siku mbili.

Niseme kidogo kuhusu kiangazi chetu, kwa sababu mtu wa Ulaya au Marekani akisikia "siku ya joto kuliko zote" anawaza Julai. Chicago, kwa mfano, wastani wa Julai unazidi ule wa Januari kwa zaidi ya nyuzi 25 za sentigredi. Kampala, tofauti kati ya mwezi wa joto na mwezi wa baridi ni nyuzi mbili au tatu tu. Jua linapita juu ya utosi wetu karibu na tarehe 21 Machi na tena mwishoni mwa Septemba, lakini mara nyingi joto kali linatupata kabla, Januari na Februari. Sababu ni mawingu na maji. Machi mvua za masika zinakaribia, wingu linaziba jua, na nguvu nyingi ya jua inatumika kukausha udongo badala ya kupasha hewa. Februari anga iko wazi na ardhi imekauka, hivyo nguvu nyingi zaidi inaingia hewani. Waganda waliliona hilo kabla ya vipimajoto: mwezi wa pili wanauita Mukutulansanja, na ndani ya jina hilo kuna ssanja, jani kavu la mgomba.

Kwa kuwa joto letu linacheza ndani ya nafasi nyembamba, rekodi zetu zinaachana kwa sehemu ndogo sana. Madaftari ya enzi ya ukoloni yaliandikwa kwa Fahrenheit. Nyuzi 86 za Fahrenheit ni 30 za sentigredi, na 87 ni 30.6. Msomaji aliyekadiria kwenda namba nzima ya juu badala ya chini amekwisha kuongeza nusu digrii na zaidi, na nusu digrii hiyo inatosha kabisa kutengeneza "rekodi" Kampala. Kule Chicago nusu digrii isingeonekana.

Swali ambalo mimi naliona zito kuliko yote ni hili: Kampala ipi? Entebbe ndiyo iliyokuwa makao ya serikali ya kikoloni, na Kampala ikawa mji mkuu wakati wa uhuru, mwaka 1962. Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa 1898, na kiwanja cha ndege kiko palepale. Mahali penye maofisa, bustani na ndege ndipo palipohitaji vipimo, kwa hiyo mtu akitafuta historia ndefu ya joto la "Kampala" mara nyingi anaishia kwenye namba za Entebbe. Lakini Entebbe ni rasi iliyoingia ndani ya ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kuchukua nafasi. Entebbe inapulizwa na upepo huo mwanzo kabisa. Ukifika Kawempe au Bwaise upepo umeshapita juu ya mabati na lami. Aliyewahi kupanda taksi ya Entebbe saa nane mchana akashuka stendi ya zamani mjini anaijua tofauti hiyo kwa jasho la shingo yake.

Si kwetu tu. Rekodi rasmi ya Chicago ni nyuzi 105 za Fahrenheit, sawa na 40.6 za sentigredi, ya tarehe 24 Julai 1934. Siku moja kabla yake, uwanja wa ndege wa Midway katika mji huohuo ulipima 109, yaani karibu 42.8. Lakini wakati huo kituo rasmi hakikuwa Midway, kilikuwa Chuo Kikuu cha Chicago, karibu na Ziwa Michigan. Baadaye kituo rasmi kilihamia Midway, kisha uwanja mwingine wa ndege, O'Hare. Mji ni ule ule, ziwa ni lile lile, ila jina "Chicago" kwenye daftari limehama mahali mara kadhaa. Kwa hiyo ukisoma popote kwamba mji fulani umevunja rekodi ya miaka themanini, uliza kama sanduku limebaki pale pale miaka yote themanini.

Na daftari nalo limebaki? Hapa ndipo ninapoumia. Mwaka 1929 huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa, makao yake Nairobi, na Uganda ilikuwa ndani yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977. Ikaja vita ya 1979, na misukosuko iliyofuata. Vituo vingi vilinyamaza, vingine kwa miezi, vingine kwa miaka mingi. Mtu anayeokoa roho yake hakumbuki kukung'uta zebaki saa tatu asubuhi, na hakuna wa kumlaumu. Lakini shimo lile halizibiki. Siku yenye joto kali ya 1980 ambayo haikuandikwa haitarudi kushindana na siku ya leo. Hajati anasema aliona jua kali kuliko hili, na inawezekana kabisa aliliona katika miaka ambayo sanduku lilikuwa tupu. Kumbukumbu yake haithibitishi rekodi, na daftari lenye pengo haliwezi kumkanusha.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka wastani wa mahali ukokotolewe kwa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Kipindi cha zamani cha 1961 hadi 1990, kwetu kimemeza miaka yote ya misukosuko. Ndiyo maana kulinganisha "zamani" na "sasa" nchini Uganda kunahitaji uangalifu mkubwa kuliko kwa majirani zetu Kenya.

Kwa wanaodhani kwamba namba ikishaandikwa imekwisha, kuna habari ya El Azizia, Libya. Kwa miaka tisini dunia nzima iliamini kwamba joto kubwa kuliko yote kuwahi kupimwa duniani lilikuwa nyuzi 58 za pale, tarehe 13 Septemba 1922. Wanafunzi walilikariri. Kisha wataalamu, akiwemo Mlibya aliyesaidia kulipata daftari la asili, wakaketi kulichunguza. Wakakuta kwamba siku chache kabla ya rekodi mwandiko ulibadilika: alikuwa ameingia msomaji mgeni wa kazi. Kipimajoto chake kilikuwa cha aina yenye kijiti ndani, na inaelekea alisoma ncha isiyo sahihi ya kijiti hicho. Kosa la ncha moja ya kijiti ni kama nyuzi saba. Septemba 2012 rekodi ile ikafutwa, na nafasi yake ikarudi kwa nyuzi 56.7 za Death Valley, Marekani, za Julai 1913. Kila nikikumbuka mwalimu yule akiinama mpaka jicho lake liwe sawa na namba, nakumbuka Libya.

Turudi kwenye simu ya dereva. Ile 34 haikupimwa na mtu. Programu nyingi za simu zinakokotoa: zinagawa dunia kwa miraba, kila mraba unapewa joto moja kutokana na setilaiti, vituo vilivyo karibu na hesabu za kompyuta. Mraba mmoja unaweza kuchukua Kisenyi, vilima vya Wakiso na maji ya Ziwa Victoria kwa pamoja. Makadirio hayo yana faida kwa mpango wa siku. Rekodi hayawezi kuiweka.

Hata rekodi halali, iliyopimwa sawasawa, inasema kidogo kuliko tunavyodhani. Chukua kituo kipya. Mwaka wa kwanza kila siku ni rekodi, kwa sababu hakuna ya kushindana nayo. Mwaka wa pili kila tarehe ina nafasi moja kati ya mbili. Mwaka wa kumi, moja kati ya kumi. Kama hali ya hewa haibadiliki kabisa, kituo chenye miaka 50 bado kitavunja rekodi za joto za tarehe saba hivi kwa mwaka, maana siku 365 ukigawa kwa 50 unapata 7.3. Na cha miaka kumi kitavunja zaidi ya thelathini! Kwa hiyo kituo kichanga kinapiga kelele za rekodi kila wiki bila dunia kuwa imebadilika hata kidogo. Kabla hujashtuka, uliza kituo kina umri gani.

Lakini hesabu hiyohiyo inakupa njia ya kuukamata ukweli. Kama hali ya hewa imetulia, rekodi za joto na rekodi za baridi zinapaswa kuja sawa kwa sawa. Zikianza kuachana, kuna kinachosukuma mizani. Marekani, katika mwongo wa 2000 hadi 2009, rekodi za joto za tarehe zilikuwa takriban mara mbili ya zile za baridi. Hakuna siku moja ndani ya hizo inayothibitisha kitu ikiwa peke yake. Wingi wao ndio unaosema. Na kwetu kuna daftari lisilohitaji msomaji: barafu ya Rwenzori. Mtukufu wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, alipoupanda mlima huo mwaka 1906, barafu ilikuwa imefunika kama kilomita za mraba sita na nusu. Mwanzoni mwa karne hii ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. Wanasayansi wamebishana kiasi gani kinatokana na joto na kiasi gani na upungufu wa unyevu na mawingu. Kwamba barafu inakwenda, hakuna anayebisha.

Mimi, nikipata daftari la kituo, siku hizi sianzi na safu ya joto la juu. Naanza na ya chini, ile ya alfajiri. Mwaka 1969 Kampala ilikuwa na watu kama 330,000. Sensa ya 2024 imekuta karibu milioni 1.8, bila kuhesabu Wakiso inayoizunguka. Mabonde yaliyokuwa na mafunjo yamejazwa udongo yakajengwa. Lami, saruji na matofali vinameza joto mchana kutwa na kulitoa usiku taratibu. Athari hii ya mji haionekani sana saa nane mchana, inaonekana saa kumi ya usiku, pale hewa ambayo ingepoa inakataa kupoa. Na usiku ndio unaoua. Chicago, Julai 1995, watu zaidi ya 700 walikufa katika siku chache za joto, wengi wao wazee waliokuwa peke yao ndani ya vyumba vilivyofungwa, na sehemu kubwa ya balaa ile ilikuwa kwamba usiku haukuleta nafuu. Mwili unaostahimili nyuzi 33 mchana unahitaji saa chache za kupumua.

Nilirudi kibandani siku ya pili nikamweleza Hajati yote haya, dereva akiwa ameshaondoka kuelekea Juba. Alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, halafu akaniuliza kama lile sanduku linaandika pia joto la ndani ya nyumba za mabati. Nikamwambia haliandiki. Akasema chumba chake usiku wa juzi hakikupoa mpaka adhana ya alfajiri, na kwamba mjukuu wake alilala mlangoni. Nilimuuliza tarehe, nikaiandika, pamoja na saa.